Kufundisha Historia kwa Njia ya Nasaba: Jamaa ya Mlowezi Tom von Prince na Jamaa za Wanafunzi Wetu

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha yanayofanywa katika shule za msingi za Nyakato na sehemu nyingine za Mwanza, somo la utawala wa Wajerumani hufundishwa mara nyingi kwa namna moja. Mwalimu huandika ubaoni majina ya watawala na miaka ya vita, watoto hunakili, na juma linalofuata hutakiwa wayataje. Wenye kumbukumbu nzuri hupata alama zote. Lakini mtoto huyo huyo aliyepata alama zote akiulizwa wazee wa nyumba yake walikuwa wapi wakati huo, hushangaa, kana kwamba ameulizwa habari za nchi nyingine. Kwake yeye historia ni mali ya watu walioandikwa kitabuni, na kwao hakuna.

Kosa hili si dogo. Mtoto anayeamini kwamba jamaa yake haina historia huamini pia, hata pasipo kuambiwa, kwamba jamaa yake haikutenda jambo lolote la maana. Shabaha ya makala haya ni kueleza njia moja ya kuliondoa kosa hilo. Tutaanza na jamaa ya mtu aliyeandikwa sana, yaani Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyekuja kuwa mlowezi. Tutatazama maandishi yanasema nini juu yake na yananyamazia nini. Kisha tutapanga vipindi vitatu ambavyo mwanachuo anaweza kuvifundisha katika Darasa la Tano, akitoka katika jamaa ya mlowezi na kufika katika jamaa za watoto wenyewe.

Jamaa ya Prince

Tom Prince alizaliwa tarehe 9 Januari 1866 katika kisiwa cha Mauritius, kilichokuwa koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza kisiwani humo, na mama yake alikuwa Mjerumani. Alifiwa na wazazi wake angali mdogo, akalelewa Ujerumani upande wa mama yake, akawa mwanajeshi. Hapa mwalimu na asimame kidogo. Mtu huyu, ambaye baadaye alikufa akipigana na Waingereza, alikuwa mtoto wa mtumishi wa Waingereza. Nasaba hutufundisha mapema kwamba mipaka ya mataifa haipiti nje ya nyumba za watu. Mara nyingi hupita katikati yake.

Prince alifika Afrika Mashariki mwaka 1890. Jambo la kwanza linalotuhusu sisi wa kanda ya Ziwa ni safari yake ya Tabora. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na boma imara, na mashambulio ya Wajerumani ya mwaka 1892 hayakufua dafu. Januari 1893 Luteni Prince aliliteka. Isike aliilipua baruti iliyokuwa ndani ya boma lake ili asikamatwe mzima. Masimulizi mengine yaongeza kwamba alikutwa bado anapumua, na Wajerumani wakamnyonga.

Kutoka huko Prince alikwenda Uhehe. Wahehe walikuwa wamekwisha kulishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, na Prince alikuwamo katika vita hivyo. Mwaka 1896 alimwoa Magdalene von Massow, akaja naye Uhehe, na katika mwaka huo huo alianzisha kituo cha Iringa. Mwishoni mwa mwaka alimsimika Mpangile, nduguye Mkwawa, awe mtawala chini ya Wajerumani. Haikupita miezi mingi Mpangile akashutumiwa kwamba alikuwa akimsaidia ndugu yake kwa siri, naye akanyongwa mwaka 1897. Mkwawa mwenyewe aliendelea kupigana vita vya kuvizia mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi kuliko kukamatwa.

Mwaka 1900 Prince aliacha jeshi, yeye na mkewe wakaenda kulima katika milima ya Usambara Magharibi. Shamba lao lilijulikana kwa jina la Sakarani. Mwaka 1907 Kaisari alimpa daraja ya kikabaila, na tangu hapo jina lake likaongezwa neno "von". Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alirudi katika uofisa akawakusanya walowezi wenzake katika vikosi vya kujitolea, mfano wa wanamgambo. Tarehe 4 Novemba 1914, katika mapigano ya Tanga dhidi ya jeshi la Waingereza lililotoka Uhindi, aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 48. Baada ya Wajerumani kushindwa, mashamba yao yalitwaliwa na serikali ya Kiingereza na kuuzwa. Sakarani iliangukia baadaye mikononi mwa watawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto.

Maandishi yanavyosema na yanavyonyamaza

Tumeweza kuieleza jamaa hii kwa tarehe na mahali kwa sababu iliacha maandishi. Magdalene alichapisha kitabu mwaka 1903, kilichotokana na shajara yake, juu ya maisha ya mwanamke wa Kijerumani katika bara. Prince naye alichapisha mwaka 1914 kumbukumbu za uluteni wake za miaka ya 1890 hadi 1895. Juu ya hivyo kuna daftari za jeshi, hati za mashamba na taarifa za serikali.

Sasa tuulize swali ambalo kila mwalimu wa historia hana budi kulizoea: ni nani aliyekuwapo lakini hakuandikwa? Prince hakuliteka boma la Isike peke yake. Walikuwako askari Waafrika na wapagazi waliobeba risasi na chakula. Magdalene hakuishi Iringa bila ya wapishi, watumishi na wachota maji. Shamba la Usambara halikulimwa na watu wawili. Ardhi yenyewe ilikuwa katika nchi ya Wasambaa, na ilikuwa amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 iliyotangaza kwamba ardhi waliyoiona haina mwenyewe ni mali ya serikali ya Kaisari. Katika mashamba ya Usambara na Tanga walifanya kazi watu kutoka mbali, wakiwamo Wanyamwezi na Wasukuma. Wengi wa watu hawa hawakuacha hata jina katika karatasi. Wengine waliandikwa kwa hesabu tu. Neno "manamba", walivyokuja kuitwa vibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge, latokana na namba walizopewa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani jamaa nyingi hujivunia kwamba zimetokana na walowezi wa zamani na maofisa wa wanamgambo wa makoloni. Kipo chama cha wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1890, ambacho humtaka mwanachama aonyeshe kwa hati kwamba ametokana na mtu aliyesaidia vita vya kujitoa katika utawala wa Waingereza. Mjukuu wa mlowezi huweza kuonyesha hati ya shamba, daftari ya kanisa na orodha ya wanamgambo. Lakini katika hesabu za watu za mwaka 1850 na 1860 watumwa wa Marekani waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana wao, na majina yao wenyewe kwa kawaida hayakuandikwa. Kwa hiyo wajukuu wao wakirudi nyuma kutafuta, wengi wao hufika mwaka 1870 na kukuta mlango umefungwa. Watu wote wawili, mlowezi na mtumwa, walikuwa na mababu. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeshika kalamu.

Nasaba zilizohifadhiwa kwa ulimi

Hata hivyo karatasi siyo hifadhi pekee. Jamaa ya Mkwawa ilikuwa na nasaba yake kabla ya Mjerumani wa kwanza kufika Uhehe. Mkwawa alikuwa mwana wa Munyigumba, na habari hiyo ilihifadhiwa kwa masimulizi na kwa sifa za watawala. Baada ya kifo cha Mkwawa kichwa chake kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwataka Wajerumani walikabidhi fuvu hilo, lakini lilirudishwa Uhehe mwaka 1954 tu, naye aliyelipokea alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Baadaye mjukuu huyo alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi. Vivyo hivyo katika nasaba ya watemi wa Unyanyembe alitoka Chifu Abdallah Said Fundikira, aliyekuwa Waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru.

Lakini tusiishie kwa watawala. Mwalimu akibadilisha jina la gavana kwa jina la mtemi na kuacha njia ya kufundisha kama ilivyokuwa, hajamkaribia mtoto. Mtoto wa mvuvi wa Igombe au wa fundi wa Nyakato bado atasema, "Hiyo ni historia ya wakubwa." Kwa hiyo yatupasa kufika kwa babu na bibi yake.

Hapa hesabu rahisi hutusaidia. Tuchukue mtoto aliyezaliwa mwaka 2014, na tukadirie miaka 28 kwa kila kizazi. Mzazi wake atakuwa amezaliwa mwaka 1986, babu yake mwaka 1958, baba wa babu mwaka 1930, na babu wa babu mwaka 1902. Yule wa mwaka 1902 alikuwa kijana wa miaka 14 Waingereza walipoitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani Julai 1916. Aliwaona askari. Huenda kaka yake alichukuliwa kuwa mpagazi. Tena huenda alipokuwa mzee alimsimulia mjukuu wake, yaani yule wa mwaka 1958, ambaye leo anaketi nyumbani Nyakato na kumlea kilembwe cha mzee huyo. Ni masikio mawili tu yanayomtenga mtoto na mtu aliyeona kwa macho. Lakini daraja hilo halitadumu. Kila mwaka wazee wanatutoka, na yule ambaye hakuulizwa huenda na masimulizi yake. Daftari ya jeshi ya Prince yaweza kungoja katika kabati miaka mia nyingine, mzee hawezi.

Matayarisho ya mwalimu

Kabla ya kuingia darasani mwanachuo atayarishe zana zifuatazo, ambazo hazihitaji fedha nyingi:

1. Ramani ya Tanzania iliyochorwa kwenye karatasi kubwa au gunia lililopakwa rangi nyeupe, ikionyesha Mwanza, Tabora, Iringa, Usambara na Tanga.

2. Mchoro wa nasaba wenye matawi matatu: jamaa ya Prince, jamaa ya Mkwawa, na tawi la tatu lililo tupu.

3. Kamba ndefu ya kutundika ukutani iwe mstari wa nyakati, pamoja na vipande vya karatasi vya kuandikia miaka.

4. Idhini ya mwalimu mkuu na taarifa kwa wazazi, ili watoto watakapouliza maswali nyumbani isidhaniwe kwamba shule inachungua siri za watu.

Kipindi cha kwanza: Jina ni ushahidi

Mwalimu aanze na majina, maana kila mtoto analo. Awaeleze kwamba askari walimpa Prince lakabu ya "Bwana Sakarani". Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyelewa. Wao walikusudia ukali wake vitani, kama mtu aliyepandwa na kichaa. Aulize: je, jina hili ni sifa au ni lawama? Watoto watagawanyika, na ni vizuri wagawanyike. Waache wajadiliane, kisha waone kwamba hata wasiojua kuandika walimwandika mtu huyu kwa ulimi wao, na maandishi yao yakadumu hata yakawa jina la mahali.

Baadaye mwalimu atoke kwa Prince na kuja kwa majina ya nyumbani. Miongoni mwa Wasukuma jina Mabula hukumbusha mvua, Nzala hukumbusha njaa, na Kulwa na Doto hutaja mapacha. Pengine mtoto anaitwa kwa jina la babu yake, ambaye Wasukuma humwita guku, na babu huyo alizaliwa wakati wa njaa. Jina hilo limebeba habari ya mwaka ambao hakuna kitabu nyumbani kilichoueleza. Mahali pia pana majina. Watoto waulizwe kwa nini jiwe mashuhuri la ufukoni mwa mji wetu linaitwa kwa jina la Bismarck, Waziri Mkuu wa Ujerumani, na kwa nini ziwa letu lina jina la malkia ambaye hakuliona, alilolipa Speke mwaka 1858. Je, ziwa halikuwa na jina kabla yake?

Kazi ya nyumbani: kila mtoto aulize jina lake lina maana gani na alipewa na nani.

Kipindi cha pili: Anayesema na anayenyamaza

Mwalimu asimulie maisha ya Prince kwa ufupi, akifuata njia yake kwenye ramani. Kisha aligawe darasa katika makundi manne. Kundi la kwanza liwe Prince, la pili mkewe Magdalene, la tatu mpagazi kutoka Usukuma, na la nne mwanamke aliyekuwamo ndani ya boma la Isike. Kila kundi litaje mambo matatu ambayo mtu wake angekumbuka juu ya safari au vita hivyo.

Makundi yakisha kusema, mwalimu aulize: ni yupi kati ya hawa wanne aliyeandika kitabu? Je, aliyeandika alisema yote? Je, asiyeandika hakuwa na la kusema? Hapa ndipo kiini cha somo. Hata hivyo mwalimu aangalie asiwaache watoto wachanganye mambo mawili. Yale waliyoyabuni katika mchezo ni makisio. Yale ya tarehe na mahali yana ushahidi. Ubaoni achore safu mbili, "Tunajua" na "Tunakisia", na kila jambo liwekwe mahali pake. Kifo cha Isike ni mfano mzuri: masimulizi mawili hayakubaliani juu ya pumzi yake ya mwisho, lakini yanakubaliana kwamba alilipua baruti asikamatwe mzima.

Kazi ya nyumbani: mtoto amwulize mzee maswali matatu tu. Ulizaliwa wapi? Wazee wako walitoka wapi wakaja hapa? Ni jambo gani ulilosimuliwa na babu au bibi yako ambalo hujalisahau? Amsalimu kwanza kwa adabu, amsikilize bila kumkatiza, na amshukuru.

Kipindi cha tatu: Mstari wa nyakati wa darasa

Kamba itundikwe ukutani. Mwalimu atundike miaka ya jamaa ya Prince: 1866, 1893, 1896, 1900, 1914. Kisha watoto watundike ya kwao. Mmoja ataleta habari ya kuhama kutoka Ukerewe, mwingine ya kwenda kufanya kazi katika mkonge wa Tanga, mwingine ya bibi aliyevuka ziwa kutoka Bukoba. Pale ambapo mwaka haujulikani, tumia tukio: "wakati wa njaa", "kabla ya uhuru", "mwaka wa ndoa ya bibi". Polepole kamba itajaa, na darasa litaona kwa macho kwamba vipande vya jamaa zao ni vingi kuliko vya Prince. Tawi la tatu la mchoro halitakuwa tupu tena.

Tahadhari

Njia hii ina hatari zake, na mwanachuo asiyezijua aweza kuleta madhara.

Kwanza, si kila mtoto anamjua baba yake au anaishi na wazazi. Asilazimishwe kutaja jina asilolijua wala kujaza mchoro mbele ya wenzake. Nasaba ya mlezi ni nasaba halali kwa somo hili. Prince mwenyewe alikuwa yatima aliyelelewa na watu wengine. Mwalimu mwenye busara ataitumia habari hiyo kumtuliza mtoto bila ya kumtaja.

Pili, mtoto mmoja aweza kusema kwa fahari kwamba babu wa babu yake alikuwa askari wa Wadachi, na mwenzake akamjibu kwamba wao ndio waliowaua watu wetu. Mwalimu asikimbie jambo hili, wala asiruhusu mtoto ahukumiwe kwa matendo ya marehemu. Awaulize: mtu aliingia jeshini kwa sababu gani? Wengine walitafuta mshahara, wengine walikuwa maadui wa mtemi fulani, wengine hawakuwa na la kuchagua. Kueleza sababu siyo kusamehe uovu. Mauaji na ardhi iliyotwaliwa visemwe wazi kwa majina yake.

Tatu, masimulizi ya nyumbani nayo hukosea, hutia chumvi na huficha aibu. Mwalimu awafunze watoto kuyalinganisha kama wanavyolinganisha vitabu, pasipo dharau. Tukikipima kitabu cha ofisa, hatuna budi kulipima na neno la babu, maana kumpima mtu ni kumheshimu kama shahidi.

Nne, lisitumike somo hili kuhesabu makabila au kushindanisha koo.

Kupima maendeleo

Mtihani wa tarehe hautoshi kupima somo hili. Yafaa mwalimu atazame kama mtoto anaweza kufanya mambo haya: kutaja chanzo cha habari anayoisema; kutenganisha linalojulikana na linalokisiwa; kutaja mtu mmoja aliyekuwapo katika tukio lakini hakuandikwa; na kueleza habari moja ya jamaa yake kwa sentensi tano zilizo sahihi. Sentensi hizo tano zikusanywe na kushonwa ziwe kitabu cha darasa. Kitabu hicho, kikitunzwa shuleni, kitakuwa chanzo kwa watoto watakaokuja baada ya miaka 50.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Andika nasaba ya jamaa yako ya vizazi vinne, na mbele ya kila jina onyesha ulipolipata: hati, masimulizi, au kaburi.

2. Chagua mtu mmoja anayetajwa katika kitabu cha historia cha shule ya msingi. Orodhesha watu watano ambao kazi yao ilihitajiwa ili atende aliyoyatenda, lakini hawakutajwa.

3. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Tayarisha somo la dakika 40 linaloanzia kwenye jina hilo na kuishia kwenye habari moja iliyokusanywa kwa mzee wa mtaa wako.

4. Mzazi amekuja shuleni kulalamika kwamba mwanawe ameulizwa habari za ukoo. Andika maneno utakayomjibu, kisha yasomeni na kuyajadili katika kundi.